Vifungo vya Kushoto

Ndanu alikuwa mtu wa kinyaa. Si kinyaa cha kujishaua cha wanawake wanaoziba pua wakipita mbele ya bucha na jioni wanakula matumbo. Chake kilikuwa cha kweli, kimekaa kooni kama mwiba wa samaki. Hakunywa chai nyumbani kwa mtu kabla hajaona kikombe kikisuuzwa. Mtu akikohoa bila kuziba mdomo, Ndanu huhama kiti, na kama hakuna kiti kingine husimama. Kwenye ngazi za ploti yao huko Kware, ghorofa sita kwenda juu, hakuwahi hata siku moja kushika ule mkono wa chuma, kwa sababu alijua Wachira, msimamizi wa ploti, hupenga kamasi kwa vidole na kujipangusia papo hapo akiteremka.

Na bado Mungu, ambaye naye ana mizaha yake, alimpa kazi ya kufungua marobota ya mitumba katika soko la Gikomba. Kazi ya kutia mkono mfukoni mwa watu asiowajua, wa nchi asizozijua, na kutoa humo vitambaa vya makamasi yaliyokauka, plasta za vidonda, na siku moja jino.

"Jino la mtu mzima," huwa anasimulia. "Tena lina tundu. Nikatupa jino, nikanawa mikono, nikauza koti."

Alianza kazi hiyo mumewe akiwa hai. Mzee Nzau alikuwa fundi wa vitanda hapo hapo Gikomba, upande wa maseremala, mtu mkimya mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Alipokufa, Lorraine, binti yao wa pekee, alikuwa kidato cha pili. Ndanu, aliyeishia darasa la nane, hakuwa na ofisi ya kwenda kulilia. Aliongeza meza ya pili, akawa anauza mashati ya kiume.

Sasa, kila kazi ina siri yake ya jikoni, na siri ya Ndanu ilikuwa hii. Robota la mashati ya kiume huja limechoka. Wanaume wa ng'ambo, kama wa huku, huvaa shati mpaka kola inatoa ndevu. Lakini robota la blauzi za wanawake wanene huja na nguo safi: nyeupe, buluu, za mistari, zina kola, zina mfuko kifuani, hazina tofauti na shati la karani. Tofauti iko mahali pawili tu. Moja ni kijitambaa cha satini shingoni kilichoandikwa kuwa nguo ni ya kike. Ya pili ni vifungo. Shati la mwanamume vifungo vyake viko upande wa kulia wa mvaaji. Blauzi ya mwanamke viko kushoto.

Kile kijitambaa Ndanu alikitoa kwa wembe. Vifungo aliviacha, maana alikuwa amewasoma wanaume wa Eastlands kama gazeti. Mwanamume akinunua shati hukagua kola, hunusa kwapa, huvuta mshono, hubishana nusu saa. Vifungo havitazami. Asubuhi vidole vikimsumbua anadhani ni usingizi.

Hivyo ndivyo Ndanu alivyovalisha blauzi nusu ya wanaume wa Kware, walinzi, makondakta, mafundi wa stima na hata mwalimu mmoja, nao wakawa wanamsifu kwamba mashati ya Mama Lorraine hayapauki. Vile vijitambaa hakuvitupa. Satini haitupwi. Alivitia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, akauweka juu ya kabati, akijiambia siku moja atavishonea kitu.

Aliyevipenda ni mjukuu wake. Alikuwa mwana wa Lorraine, miaka sita, gredi ya kwanza, meno mawili ya mbele hayapo. Kwa kuwa Lorraine hakuwa ameolewa, mtoto alipewa jina la babu yake mzaa mama, Nzau, na Nzau kwa Kikamba ni fahali. Na kwa kuwa ana jina la marehemu, Ndanu humwita mume wangu, kama ilivyo desturi ya bibi na mjukuu wa Kikamba. "Mume wangu, umeoga?" "Mume wangu, nani amemaliza sukari?" Majirani hucheka, mtoto hujitutumua. Lorraine anafanya kazi ya ndani upande wa Lavington na hupewa ruhusa Jumapili moja kwa mwezi, kwa hiyo hawa wawili, mke wa miaka hamsini na moja na mume asiye na meno, ndio waliokuwa wenye nyumba.

Nzau alikuwa akiuteremsha ule mkebe, anavimwaga vile vijitambaa kitandani, anajipitishia shavuni kimoja kimoja. "Susu, hiki ni laini kuliko kile," humwambia bibi yake. Ndanu hakuona neno. Mtoto ni mtoto.

Likizo ya Aprili ikafika, na kwa kuwa shule ilifungwa akawa anaenda naye Gikomba. Jumatatu moja alifungua robota la nguo za watoto, nalo likatoa gauni la manjano lenye marinda matatu, moja juu ya jingine, kama keki ya harusi. Ndanu aliliweka kando na kugeuka kumjibu mteja. Aliporudisha macho, Nzau alikuwa amelivaa juu ya kaptura yake na anazunguka kati ya meza mbili, mikono ameitandaza, marinda yameinuka yakawa sahani.

Kinyaa kikampanda Ndanu kutoka tumboni. Nitakisema kama kilivyokuwa, sitakipaka asali. Aliona kama mtu aliyekata nyama akakuta funza. Alimvuta mtoto kwa sikio, akalivua lile gauni kwa nguvu mpaka mshono wa kwapa ukaachia.

"Mwanaume hapa! Unataka watu wanione mimi ni mama wa aina gani?"

Nzau alishika sikio lake. Hakulia. "Lakini linazunguka, susu," akasema, kama mtu anayemweleza mgeni jambo la wazi. "Kaptura haizunguki."

Ndanu alilitupa gauni kwenye rundo la fagia, yaani zile nguo za mwisho zinazouzwa kwa mafungu, akaona mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Jumatano jioni Nzau alikuwa juu ya paa, mahali ploti nzima inapoanika nguo, akicheza na Tiffany, binti wa jirani yao Waruguru wa mlango wa pili. Tiffany alikuwa na gauni la kanisani. Watoto wakabadilishana, yeye akavaa kaptura na fulana, Nzau akavaa gauni, nao wakawa wanazunguka kwa zamu kati ya mashuka. Wachira akapanda kukagua tangi la maji. Mtu mzima mwenye akili angesema, "Nyinyi watoto, rudisheni nguo za wenyewe kabla hazijachafuka," basi. Wachira alitoa simu.

Kabla ya saa kumi na mbili video ilikuwa kwenye kundi la wasap la ploti, lile lililofunguliwa kwa ajili ya mambo ya maji na taka. Chini yake Wachira ameandika: *Wazazi chungeni watoto. Huyu wa ghorofa ya sita ni Nzau ama ni Nzaulina?* Na watu wazima, watu wenye wake na vyeti, wakafuata kama nzi.

*Fahali amegeuka mtamba.*

*Akikamuliwa tuitwe.*

*Hiyo ni laana, iombewe mapema.*

Ndanu alisoma yote amesimama mlangoni. Aliyeandika habari ya laana alimjua. Alikuwa na watoto wawili ghorofa ya tatu na wengine watatu mtaa wa pili, na mama zao hawajuani. Lakini siku hiyo hilo halikumsaidia. Alimwita Nzau, akamvua nguo, akamtia kwenye beseni, akamsugua kwa sabuni ya kipande na kile kitambaa kigumu, mgongo, shingo, mikono, kama sufuria iliyoungua uji. Maji yakawa meupe. Akaendelea kusugua.

Nzau alijitazama mkono, akautazama wa pili.

"Susu, uchafu uko wapi?"

"Nyamaza."

"Nionyeshe nijisugue mwenyewe."

Ndanu aliacha kusugua.

Kesho yake asubuhi simu ikalia. Alikuwa shemeji yake Muthoka, mdogo wa marehemu, mstaafu wa reli anayeishi upande wa Makadara, mzee wa kanisa, mtu ambaye hata akikuomba chumvi anaiomba kwa sauti ya mahubiri. Video ilikuwa imemfikia.

"Mama Lorraine, nimeona. Na waumini wameona. Nzau ni jina la kaka yangu, halitavalishwa sidiria nikiwa hai."

"Hakuna aliyevaa sidiria, shemeji. Lilikuwa gauni la—"

"Fahali halelewi na wanawake peke yao. Jumamosi saa nne nakuja kumchukua. Nampeleka kwangu kijijini Mwingi, achunge mbuzi, asome huko huko. Ile fimbo iliyonyoosha wanangu bado iko darini."

Ndanu aliliona lile kundi la wasap, akayaona macho ya watu ngazini. Akasema neno ambalo baadaye alilitafuna kwa siku tatu bila kulimeza.

"Njoo umchukue."

Lorraine alipiga simu mchana, amejificha chooni kwa mwajiri wake, sauti ya chini. "Mama, usimpe. Nakuomba. Unawajua wanawe Muthoka. Yule mkubwa mpaka leo mtu akiinua mkono kujikuna, anajikinga."

"Wewe uko wapi ukimlea?" Ndanu akamkata. "Uko kwa Mhindi unapangusa vioo. Mimi ndiye natemewa maneno."

"Ruhusa yangu ni Jumapili. Mngoje tu mpaka Jumapili."

"Jumamosi saa nne, amesema."

Lorraine akalia, maji ya choo yakamwagika nyuma yake, simu ikakatika.

Ijumaa Ndanu akafunga begi. Suruali tatu, sweta, sare ya shule. Nzau alimtazama akikunja, akaleta mkebe wa vijitambaa.

"Na hivi?"

"Hivyo vinabaki."

Akachukua kimoja, cha rangi ya maziwa, akakitia mfukoni. Halafu akauliza, "Huko kuna susu?"

"Kuna babu yako Muthoka na mbuzi."

"Nani ataniita mume wangu?"

Ndanu alikumbuka kwamba ana nguo za kuanua, akatoka. Waruguru alimkuta juu ya paa amesimama kati ya mashuka ya watu, hajaanua hata soksi.

"Mama Lorraine," Waruguru akasema, "Tiffany wangu alivaa kaptura siku ile ile, kwenye video ile ile. Umesikia mtu akisema anapelekwa kijijini Murang'a?"

"Tiffany ni msichana."

"Ndiyo hayo nasema," Waruguru akajibu, akabeba beseni lake akaenda.

Jumamosi Muthoka alifika saa nne kasoro, akihema kwa ngazi. Nyuma yake, bila kualikwa, aliingia Wachira. Eti ni shahidi. Muthoka alikaa kwenye kochi la marehemu, akalegeza koti, na ndani yake akaonekana amevaa shati la buluu bahari ambalo Ndanu alimletea Krismasi. Shati zuri, la pamba, halina kunyanzi. Ndanu alilitazama, akatazama pembeni. Wachira alikuwa na jaketi lake la jinzi, nalo lilitoka meza ile ile.

Akawapa chai. Mzee Muthoka aliivuta kwa mlio wa bomba lililoziba, akaacha makombo ya mkate yaelee ndani ya kikombe. Wachira alichukua kibiriti cha Ndanu juu ya meza, akatoa kijiti, akachokoa jino la nyuma kwa utulivu, akakitazama alichopata, kisha akakirudisha kijiti ndani ya kibiriti na kukifunga. Nywele za Ndanu zilisimama.

"Mleteni," Muthoka akasema.

Nzau akatoka nyuma ya pazia, begi mgongoni, viatu vya shule.

"Weka begi chini. Tembea mpaka mlangoni tuone."

Mtoto akatembea.

"Rudi. Polepole. Geuka." Muthoka aliinamisha kichwa kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. "Unaona kiuno, Wachira?"

"Naona, mzee. Hiyo si mwendo ya boy."

"Geuka tena. Hebu zunguka. Si unapenda kuzunguka? Zunguka ulivyozunguka siku ile! Wachira, hebu weka ile video nilinganishe."

Wachira akafungua simu, kicheko kutoka kwenye video kikajaa chumbani, na Muthoka naye akacheka, tumbo likitikisika. Nzau alisimama katikati ya zulia. Hakujua kama azunguke au asizunguke. Kisha suruali yake ikaiva rangi kuanzia mapajani, na mkojo ukateremka taratibu ndani ya soksi nyeupe.

"Aaaa!" Muthoka aliinua viatu vyake. "Huyu si fahali. Huyu ni mfereji."

Wachira akageuza simu kumwelekezea mtoto ili achukue na hilo.

Hapo kinyaa kikampanda Ndanu, kile kile cha siku zote, kutoka tumboni mpaka kooni, lakini safari hii kilijua njia. Alitazama chumba chake. Aliona makombo yanayoelea kwenye kikombe. Aliona kibiriti. Aliona midomo miwili ya watu wazima imelowa mate ya kicheko. Na kile kidimbwi kidogo kwenye zulia, akaona ndicho kitu kisafi kuliko vyote vilivyokuwa mbele yake.

Alikwenda akachukua tambara, akapiga magoti, akampangusa mtoto miguu, akamvua soksi. Akasimama.

"Shemeji," akasema, sauti ya kawaida kabisa, "vifungo vya shati lako viko upande gani?"

"Nini?"

"Vifungo. Kushoto au kulia?"

Muthoka akatazama kifua chake kama mtu aliyeambiwa ana mdudu. "Kushoto. Kwani?"

"Wewe ulivaa sare ya reli miaka thelathini. Vifungo vyake vilikuwa upande gani?"

Mkono wa kulia wa mzee ukaanza kufunga vifungo hewani, ukasita, ukajaribu tena. Wachira, ambaye hajui kukaa na jambo moyoni, ndiye aliyeropoka.

"Haki ya Mungu! Mzee, hiyo ni blauzi!"

"Blauzi," Ndanu akasema. "Ya mwanamke mnene. Nilitoa alama ya shingoni kwa wembe, huu hapa mkono uliotoa." Akateremsha mkebe juu ya kabati, akaumimina mezani, vijitambaa vikatiririka mpaka kwenye sahani ya mkate. "Unaona hivi? Kila kimoja ni mwanamume mmoja wa Kware."

Wachira alikuwa anacheka mpaka anajipiga paja. "Mzee wa kanisa! Na blauzi!"

"Na wewe, Wachira, usikaukwe na koo bure. Hilo jaketi lako limeachwa nafasi mbili kifuani. Ulifikiri zilishonwa ukawekee simu?"

Kicheko kikamkwama. Akajishika kifua kwa mikono miwili, kama msichana aliyefunguliwa mlango bafuni.

"Sasa inua simu," Ndanu akamwambia. "Si unapenda picha? Tupige sote. Mzee na blauzi yake, wewe na matiti yako, mtoto na mkojo wake. Tia kwenye kundi. Tuone ploti itacheka nani kwanza."

Simu ikaingia mfukoni.

Muthoka alikuwa amesimama, mishipa ya shingo imetoka. "Ulinivalisha nguo ya mwanamke kwa makusudi! Mimi! Nimeongoza ibada nikiwa na shati hili!"

"Miezi minne, shemeji. Pasaka ulisoma neno ukiwa nalo, nikiwa nimekaa kiti cha tatu. Hapo nilikukosea, nilikudanganya, na kwa hilo unisamehe. Lakini niambie. Miezi minne, limekufanya nini? Umeota maziwa? Umebeba mimba?" Sauti yake sasa ilikuwa ya Gikomba, ile inayosikika mpaka upande wa pili wa soko. "Halikukufanya kitu. Uliingia kwenye blauzi ukiwa Muthoka, na mbele yangu bado ni Muthoka yule yule, anayecheka mtoto akijikojolea. Nyani haoni kundule!"

Mlangoni vichwa vilikuwa vimeanza kujaa. Waruguru alikuwa mbele.

Muthoka alivua koti, akavua shati kwa vidole vilivyopishana na matundu, akalitupa kwenye kochi, akavaa koti juu ya vesti. "Mimi na nyumba hii basi. Na jina la kaka yangu mlirudishe."

"Jina ni la mume wangu," Ndanu akasema. "Anakaa nalo hapa. Teremka salama, shemeji, na usishike huo mkono wa ngazi. Wachira anaujua."

Wakatoka. Ndanu alichukua kibiriti, akakitupa kizima kizima kwenye ndoo ya taka, akanawa mikono mara mbili. Kisha akafungua begi la mtoto, akarudisha suruali tatu kabatini.

Habari haikungoja wasap. Jioni ile ile, ngazini, wanaume wa ploti walionekana wakipanda mkono mmoja umeshika kifua, wanapapasa vifungo kama wanaohesabu rozari. Jumatatu meza ya Ndanu ilivamiwa. Mlinzi mmoja alimtupia mashati matatu usoni. Yule mwalimu hakuja mwenyewe, alimtuma mkewe, naye mkewe alicheka mpaka akalazimika kukaa juu ya robota. Watu wa meza jirani wakaanza kumwita Mama Blauzi. Otiende, fundi wa stima wa ghorofa ya nne, ndiye peke yake aliyesubiri watu wapungue, akasogea, akauliza kwa sauti ya chini kama anayenunua dawa ya kuhara:

"Mama, ile ya mistari... uko na ingine saizi hiyo hiyo? Ile inanikaa poa."

Wateja wa Kware walipungua, na hadi leo hawajarudi wote. Ndanu hakuwafuata. Wembe aliuacha. Anatundika nguo na alama zake shingoni, na mtu akiuliza hujibiwa, "Vifungo kushoto hapa, vifungo kulia pale. Macho unayo."

Lakini kabla ya Jumatatu hiyo, Lorraine alifika Jumapili saa tatu asubuhi, amekimbia ngazi zote, amejiandaa kukuta kitanda kitupu. Alisukuma mlango, akakuta mama yake amekaa karibu na dirisha na sindano mdomoni, na Nzau amesimama juu ya kigoda, amevaa gauni la manjano lenye marinda matatu. Ndanu alikuwa ameliokota Ijumaa ile kutoka kwenye fagia kule Gikomba, bila kumwambia mtu yeyote kwa nini, wala kujiambia mwenyewe. Mshono wa kwapa alikwisha kuurudisha.

Asidhani mtu kwamba moyo wa Ndanu ulikuwa umetulia. Kila alipoinua macho akaona kichwa cha kiume juu ya marinda yale, kitu kilimgeuka tumboni, kidogo, kama chai ya jana. Kinyaa cha miaka hamsini hakitoki kwa sabuni moja. Pazia alikuwa amelifunga watu wa ploti ya pili wasione, kisha akalazimika kulifungua nusu, kwa sababu gizani huwezi kutunga uzi.

"Mama," Lorraine akasema mlangoni, begi likimteleza begani.

"Funga mlango, unaleta inzi." Ndanu akakata uzi kwa meno, akanyoosha upindo kwa kiganja. "Lilikuwa linamburuta. Ataanguka avunje na meno yaliyobaki."

Akarudi nyuma hatua moja, akakunja mikono, uso umekazwa kama anayekagua robota.

"Haya, mume wangu. Zunguka nione kama upindo umelala sawa."

Nzau alimtazama kwanza, akihakikisha hakuna simu. Kisha akatandaza mikono.